Mwanangu anamdai bibi yake mia tatu ya maji ya kuoga

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 10, yuko darasa la nne. Mdogo wake wa kike ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Mume wangu ni fundi seremala, na mimi napika maandazi nyumbani, nawauzia watu wanaowahi kazini asubuhi.

Mwanzoni mwa mwaka shuleni kwao walifanya siku ya biashara. Kila mtoto alibeba kitu cha kuuza, huyu ubuyu, yule karanga, darasa likageuka soko. Mwanangu alirudi nyumbani hana habari nyingine ila mtaji na wateja. Nikafurahi sana, maana mimi mambo ya hela nimejifunzia ukubwani, tena kwa kuumia. Tukatenga kona ya uani ikawa duka lao, nikawapa makopo na visoda, wakawa wanauziana mchanga na majani. Halafu nikaongeza la kwangu: kuosha vyombo 200, kufagia uwanja 100, kuchota maji 300. Hizo zikawa hela za kweli.

Wiki za kwanza nyumba iling'aa. Sasa imekuwa balaa. Nikimtuma dukani ananiuliza, "Utanipa shilingi ngapi?" Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutusalimia. Jioni akamwomba mjukuu wake amsogezee maji ya kuoga. Mtoto akajibu bila wasiwasi, "Bibi, maji ni mia tatu." Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke. Bibi hakusema kitu, akabeba ndoo mwenyewe. Usiku akamweleza mwanawe, na mwanawe akanigeukia: nafundisha watoto uchuuzi kabla ya adabu, mchezo ufe, makopo yatupwe.

Kuna na mengine. Dukani kwao mkubwa ndiye bosi kila siku, mdogo ndiye wa kubeba na kufagia, na halipwi. Alimkopesha mia, sasa anamdai mia mbili. Juzi akachungulia kopo langu la mauzo akakuta 30,000, akaniambia, "Mama, kumbe una hela zote hizi halafu unatunyima ya barafu?" Na nikisema hela hakuna, jibu lake ni moja: "Si utoe kwenye simu."

Niuvunje mchezo kama baba yao anavyotaka? Sitaki mwanangu akue mchoyo, lakini pia sitaki akue hajui hela inavyotafutwa.

Mama wa Wawili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Makopo usiyatupe. Kinachotakiwa kufa ni ile bei uliyoiweka kwenye kazi za nyumbani, na ife wiki hii. Hapo mumeo na mama mkwe wako wana haki, tena haki kubwa. Mtoto anaosha vyombo kwa sababu amekula kwenye hivyo vyombo. Anamchotea bibi maji kwa sababu ni bibi yake. Kazi hizo ndizo zinazomwonyesha kwamba yeye ni mtu wa nyumba hii, si mpangaji. Ukishazipa bei, kila anayetaka msaada anageuka mteja, na asiye na mia tatu hana msaada. Siku ukiugua, mwanangu, utamlipa nani akuletee uji?

Lakini kijana usimgombeze kwa lile jibu alilompa bibi yake. Hakukusudia kumvunjia mtu heshima. Alipewa orodha ya bei, na kwenye orodha hiyo hakuna mahali palipoandikwa kwamba bibi hahusiki. Mwite yeye na baba yake akiwepo, mwambie kwa upole kwamba utaratibu umebadilika: kazi za nyumba ni za wote na hazina malipo, kwa mama, kwa baba, wala kwa watoto. Kama kuna hela ya kazi alizokwisha kufanya, mlipe yote, hata kama ni jero, ndipo ufunge hesabu. Ukimdhulumu hapo utakuwa umemfundisha jambo baya kuliko lile la mwanzo. Kisha aende kwa bibi. Kama yuko mbali, apige simu aombe radhi kwa maneno yake mwenyewe, usimtungie. Na siku bibi atakapokuja tena, maji ya kuoga yawe yake kuyapeleka, yakiwa yamechemshwa na kupozwa vizuri.

Sasa tuje kwenye duka, maana hapo ndipo penye utamu.

Watoto wetu hawajaanza leo kuigiza maisha. Kujipikilisha kwa vifuu na udongo, mama na baba, duka la mchanga: wote tumepitia. Mtoto akicheza hivyo anajaribu kusimama pale anapomwona mtu mzima amesimama. Shida ni kwamba anaigiza kile anachokiona tu. Na akiwa dukani anaona nini? Mtu anakuja, anatoa hela, muuzaji anaiweka kwenye droo. Basi. Hajawahi kumwona mwenye duka akiamka kufuata mzigo. Chunguza duka la wanao: naamini halina siku ya kununua mzigo. Mchanga unachotwa bure, majani yanachumwa bure, kila kinachouzwa ni faida tupu. Mtoto wa duka la namna hiyo akifungua kopo lako na kukuta 30,000 lazima aseme mama ana hela.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, uongezeeni mchezo duka la jumla. Na mwenye jumla awe baba yao. Nakwambia hivi kwa makusudi: mtu anayeukasirikia mchezo akiwa nje, mara nyingi akipewa nafasi ndani yake anaupenda kuliko wote. Mchanga, mawe, majani ya mwembe, vipande vya mbao vya karakana yake, vyote viwe vyake, na asitoe kitu bure. Asubuhi ya Jumamosi kijana apewe mtaji wa 5,000 wa hela za maboksi, aende kwa baba kununua, apatane naye bei, abebe mwenyewe hadi dukani, apime, apange mafungu, ndipo afungue.

Hela za mchezo tengenezeni wenyewe kwa makasha ya sabuni au ya viatu. Noti za kweli msizitoe fotokopi, hata kwa mchezo, kunakili noti kunaweza kukuletea matatizo ya kisheria. Na hakuna haja. Mwambie aangalie za kweli kwanza: elfu mbili ina simba, elfu tano ina kifaru, elfu kumi ina tembo. Zenu ziwe na wanyama wa nyumbani, mbuzi, kuku, paka wa jirani, ila thamani zifuate za kweli kuanzia 50 hadi 10,000. Sarafu ziwekwe chini ya karatasi zisuguliwe kwa penseli, picha inajitokeza yenyewe. Wapeni ile ya 500 yenye nyati, Mzee Karume akiwa upande wa pili. Mdogo atakaa na kazi hiyo asubuhi nzima, na atakuwa amejua sarafu zote bila kufundishwa.

Jioni duka lifungwe kwa hesabu. Hiki ndicho kipengele ambacho watoto huwa wanakiruka na wewe ndiye utakayekisimamia. Hela yote imwagwe mkekani. Kwanza itolewe 5,000 ya mtaji, ikae pembeni, hiyo si ya kuguswa. Kilichobaki ndicho chake. Siku nyingine kitabaki kingi, siku nyingine mtaji wenyewe hautatimia. Na usimwonee huruma ukamwongezea. Mteja akija akakuta nyanya za mchezo zimeoza (baba ndiye atakayetangaza kwamba mafungu mawili yameoza), hasara hiyo aibebe. Afadhali aionje hasara ya maboksi akiwa na miaka kumi.

Akishaelewa hapo, mtoe kwenye mchanga umlete kwenye maandazi. Asubuhi moja ya wikendi mkalishe karibu nawe na daftari wakati unakanda. Usimpe kazi nyingine, aandike tu. Nitaweka bei za mfano, wewe weka za mtaani kwako. Unga kilo moja 2,000. Sukari robo, 800. Mafuta yatakayotumika, 1,500. Hamira 200. Mkaa 500. Ajumlishe: 5,000. Kilo hiyo ikitoa maandazi 30 ya mia mbili, mauzo ni 6,000. Muulize sasa faida ni ngapi, umwache ahesabu vidole. Elfu moja. Halafu muulize swali la pili: yakibaki matano yasinunuliwe, au yakiliwa na watu wa humu ndani kabla hujafika barazani, faida inakuwa ngapi? Matano mara mia mbili ni elfu moja. Imekwisha. Usiseme neno jingine hapo, mwache aliangalie lile beseni.

Kisha lete lile kopo lenye 30,000. Kwa bei hizo hizo, ni mauzo ya kilo tano. Elfu ishirini na tano inatakiwa kurudi dukani kesho kununua unga, mafuta na mkaa, la sivyo keshokutwa hakuna maandazi. Inayobaki ni 5,000, na hapo bado hujajilipa kuamka saa kumi alfajiri. Mwanao anajua kujumlisha na kutoa, shuleni wamemfundisha. Alichokosa ni mtu wa kumfungulia daftari la nyumbani kwao. Wazazi wengi tunaificha hesabu kwa watoto kwa kuogopa watatuona maskini. Mimi naona mtoto anayejua mama anapata ngapi humheshimu zaidi, na hata kuomba kwake hubadilika.

Kuhusu "toa kwenye simu": kijana hatanii. Anaona unabonyeza, hela zinatoka. Hajaona siku zilipoingia. Basi ongezeni wakala kwenye mchezo. Kateni simu za maboksi, kila simu iwe na karatasi ya salio nyuma yake. Mdogo awe wakala, ana kopo lake la hela. Anayetaka kutoa lazima kwanza awe ameweka, na salio lake liandikwe kwa kalamu. Akitoa, wakala akate makato yake, na salio jipya liandikwe. Siku mbili tatu tu atagundua mwenyewe kwamba simu haizai, na kwamba ukitoatoa kidogokidogo makato yanakula. Na wakala naye akiishiwa hela kwenye kopo, wateja warudi mikono mitupu kama inavyotokea huko mtaani.

Hili la dada yake limeniuma kuliko la bibi. Mtoto wa kiume bosi kila siku, wa kike mfagizi asiye na malipo: huo si mchezo tena, hapo anafanyishwa mazoezi ya maisha yatakayomkuta. Wewe ni mama mwenye biashara yako, kwa hiyo usilifumbie macho. Zamu zibadilike kila wanapocheza, na iwe sheria isiyojadiliwa. Mdogo awe mwenye duka, kaka awe kibarua wake. Na kibarua yeyote apatane ujira kabla ya kuanza kazi na alipwe jioni ileile, hata kama duka limepata hasara. Mwenye duka anayeshindwa kulipa kibarua kesho yake hafungui. Hesabu za mtaji na faida mdogo asilazimishwe, umri wake bado. Yeye akijua kurudisha chenji ya mia tano sawasawa, ametosha.

Na ule mkopo wa mia kwa mia mbili, unaujua jina lake. Kinamama mtaani wanauita kausha damu, na umeshaona walivyonyang'anywa makochi na majiko. Kwa waliolelewa katika Uislamu ni riba, kwa hiyo hakuna mjadala. Ila kumwambia tu "acha" hakutamwingia. Mgeuzie upande. Katika mchezo, duka lake likiwa limeishiwa mzigo, wewe njoo kama mkopeshaji, umpe elfu moja arudishe elfu mbili jioni. Mwache ahangaike kuitafuta hiyo elfu ya pili. Jioni ukae naye umuulize alijisikiaje, kisha umuulize dada yake anajisikiaje na ile mia. Deni la kweli liishie kwenye mia moja aliyotoa.

Usiogope kwamba ukifuta malipo ya vyombo utazima ile hamu yake ya kutafuta. Hamu ni nzuri, ipe njia. Hela anaweza kuipata kwa kukuuzia kitu, na hapo nampendekezea mchicha. Gunia kuukuu lijazwe udongo na samadi, au makopo ya rangi aliyoyamaliza baba yatobolewe chini na kusafishwa sana. Mbegu anunue yeye kwa hela iliyomo kwenye kibubu chake. Mchicha haucheleweshi, wiki 3 au 4 hivi baada ya kusia anavuna ya kwanza, akikata vizuri unachipua tena. Wewe si unanunua mboga kwenye genge? Nunua kwake fungu kwa bei ileile ya genge, na likiwa limenyauka lirudishe kama ambavyo ungelirudisha gengeni. Hapo atajifunza kitu ambacho duka la visoda haliwezi kumfundisha: kusubiri. Mbegu haijali kwamba leo anataka barafu.

Lakini angalia mpaka. Kukusaidia kubeba beseni hadi barazani asubuhi kabla ya shule ni sawa. Kumtuma azunguke na ndoo ya maandazi stendi hadi giza liingie, hapana, hata akiomba mwenyewe kwa kuwa amenogewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na hata hapo ni kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Wako ana 10. Nimeona familia nyingi zikianza kwa kusema "tunamfundisha kazi" na zikaishia kumtegemea mtoto alete hela ya mboga.

Na jambo jingine la kazi, nalisema kwa sababu limewaharibu wengi wa rika langu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, mtoto alime huku akijua kwa nini. Shule nyingi zikaligeuza shamba kuwa fimbo: ukichelewa, jembe, ukifeli, jembe. Tukatoka tukiamini kilimo ni adhabu. Kwa hiyo siku akikosea usimwambie "leo utamwagilia mchicha na kuosha vyombo vyote". Tafuta adhabu nyingine.

Kuna sehemu za michezo mijini huko duniani zilizojengwa ili watoto waigize kazi za watu wazima. Mwaka 1999 kule Mexico City ilifunguliwa moja, sasa inajulikana kwa jina la KidZania, na matawi yake yako nchi mbalimbali, hata Dubai wanakoishi ndugu zetu wengi. Mtoto anavaa sare ya zimamoto au ya daktari, anafanya kazi, analipwa pesa za humohumo ndani, kisha anachagua azitumie wapi. Nakutajia kwa sababu kuna kitu kimoja cha kuazima: pale mtoto hafanyi duka peke yake. Wanao nao wasiishie kwenye duka. Siku moja meza ya duka ivunjike, waite fundi, baba awaonyeshe namna ya kupima na kupigilia, na wamlipe ufundi wake. Siku nyingine mmoja awe nesi, mwingine dereva wa daladala na konda wake. Watoto wakidhani kazi ni kuuza tu, watamdharau baba yao anayeshinda na randa mkononi.

Hela ya kweli nayo aishike, kidogo, kila wiki, isiyohusiana na kazi yoyote. Kiwe kiasi ambacho hata akikipoteza chote hakitawaumiza. Mpe kibubu na usimwekee masharti ya namna ya kutumia. Akimaliza yote kwenye barafu Jumatatu, aikose Jumanne, usimwongezee. Nidhamu ya hela haiji kwa mawaidha. Baadhi ya wazazi hugawa kabisa hela ya mtoto katika mafungu, hii ya akiba, hii ya sadaka, hii ya matumizi. Mimi kwa umri huo sioni haja, isipokuwa sadaka. Hiyo mzoeshe kutoa kutoka kwenye yake mwenyewe, si ile unayomkabidhi mlangoni mwa msikiti au kanisa.

Anza na mumeo usiku wa leo. Usimwendee kwa kujitetea, mwambie alichosema kuhusu adabu umekikubali na bei za kazi umezifuta, halafu umwombe awe mwenye duka la jumla Jumamosi. Na watoto wakichoka na mchezo wakaenda zao kucheza mpira, waache, makopo yatakaa hapo uani hadi watakapoyataka tena.

Shangazi